"Mhubiri wa Runinga": Maana na Matumizi

Baadhi ya waandishi humwita anayehubiri katika runinga "mwinjilisti wa runinga". Kwa maoni yetu istilahi hii haifai. Kwa asili maneno haya yanakaribiana: *hubiri* ni ndugu wa *habari*, nayo *injili*, iliyotoka Kiyunani ikatufikia kwa Kiarabu, maana yake ni habari njema. Yanatengwa na matumizi. Huko Kedowa, katika nchi ya majani chai ya Kericho, mwinjilisti ni mtumishi wa kanisa la mahali: huzuru wagonjwa, hufundisha wanaotaka kubatizwa, na wazee wa kanisa huweza kumhoji. Wa runinga huonekana na wengi asimwone hata mmoja. Sadaka huipokea kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Huyo na aitwe mhubiri. Uinjilisti ni dhamana kwa watu wanaojulikana.