Majina ya Momiji: Tafsiri au Maelezo?

Mti uitwao kitaalamu Acer palmatum, ambao Wajapani huuita momiji, una aina mamia kadhaa zilizoteuliwa na watunza bustani, na kila aina ina jina lake. Aghalabu wafasiri wa vitabu vya bustani huyageuza majina hayo neno kwa neno, wakaona kazi imekwisha. Sisi twaona kuwa majina hayo ni ya namna tatu, na kila namna yataka matendeo yake.

(a) Majina yenye mfano ulio wazi. Sango-kaku ni "mnara wa marijani", kwani matawi yake machanga huwa mekundu wakati wa baridi. Tsuma-beni ni "wekundu wa kucha", kwa kuwa majani yake yachipuapo huwa na ncha nyekundu. Msomaji aliyezoea kucha zilizotiwa hina ataelewa mara moja. Hapa tafsiri yatosha.

(b) Majina yenye mfano wa kimila. Shishi-gashira ni "kichwa cha simba". Msomaji wetu atamfikiria simba wa mbugani, kumbe shishi ni simba wa hadithi, ambaye kichwa chake cha kuchongwa huvaliwa na wachezaji katika sherehe. Majani yaliyojikunja na kusongamana ndiyo manyoya yake. Maneno yametafsiriwa sawasawa, lakini picha imepotoka.

(c) Majina yadokezayo shairi. Tamukeyama ni "mlima wa kutolea sadaka". Mshairi Sugawara no Michizane, aliyefariki mwaka 903, alitunga shairi juu ya safari ambayo hakuwahi kuiandalia sadaka, akaitolea miungu wekundu wa majani ya mlima huo badala yake. Asiyelijua shairi hilo ataona jina la mlima tu.

Kuna hatari nyingine. Wafasiri watatu wakitafsiri jina moja, mti mmoja utakuwa na majina matatu. Ndiyo sababu kanuni ya kimataifa ya majina ya mimea ya kupandwa, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1953, sasa haiihesabu tafsiri kuwa ndilo jina la aina.

Kwa hiyo twapendekeza jina libaki lilivyo, maana ya maneno yake ifuate, na panapohitajika iongezwe sentensi moja ya maelezo. Hivyo ndivyo tungependa mfasiri wa kigeni naye atende akutanapo na embe dodo.