Nafasi ya Mwanamke katika Historia ya Familia za Ufipa: Tahakiki ya *Fipa Families* ya Kathleen Smythe

Kitabu cha Kathleen Smythe, *Fipa Families* (2006), kinachunguza uzazi, malezi na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi kati ya mwaka 1880 na 1960. Nkansi ilikuwa mojawapo ya dola mbili za Ufipa, nyingine ikiwa Lyangalile. Jina lake limebaki katika wilaya ya leo ya Nkasi, ambamo ndimo ilimo Chala. Hoja kuu ya Smythe ni kwamba Wafipa hawakuwapokea Mapadre Weupe kama walimu wa dini tu, bali waliwaingiza katika utaratibu wao wa kulea watoto. Mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa aliweza kuhamia kwa bibi yake, na alipokua kidogo akalala katika nyumba ya rika lake. Malezi yalikuwa ya wengi tangu awali, na padre aliyemchukua mtoto kumsomesha alikuwa mlezi mmoja zaidi katika msururu uliokuwapo.

Hoja hii ina uzito, na inafaa kuulizwa inamfanyia nini mwanamke. Anayetafuta ukoo wa mwanamke aliyeishi Chala wakati wa ukoloni hulazimika kuanza na daftari la ubatizo. Humo huandikwa jina, wazazi, mdhamini na tarehe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza pia kwamba ndoa ya mbatizwa iandikwe katika kumbukumbu ya ubatizo wake, hata kama aliolewa parokia nyingine. Kwa mtafiti wa historia ya familia agizo hilo ni msaada mkubwa, kwani mwanamke aliyehama hufuatwa kwa mstari mmoja wa wino. Hata hivyo daftari hilo halina safu ya bibi. Yule ambaye, kwa ushahidi wa Smythe mwenyewe, ndiye aliyemlea mtoto, hana mahali pa kuandikwa. Majina machache ya watakatifu nayo hurudiwa mno, kiasi kwamba Maria mmoja hutofautishwa na mwingine kwa jina la baba tu. Ukoo unaosomwa humo huegemea upande wa kiumeni kuliko maisha yenyewe yalivyokuwa.

Smythe anaukwepa mtego huu kwa kutumia mahojiano aliyoyafanya katika miaka ya 1990, na hapo ndipo kitabu chake kinapopata sauti ya watu. Lakini mahojiano nayo yana mpaka wake. Anayekumbukwa ni yule aliyeacha wajukuu wa kumsimulia. Masista Weupe walifika Karema mwaka 1894, na miongoni mwa wanawake na wasichana waliokusanyika huko walikuwamo waliokombolewa utumwani. Hawa walikuwa wametengwa na jamaa zao kabla hata ya kupewa jina la ubatizo. Smythe amewashughulikia kwa makini katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu Karema, na ni jambo la kusikitisha kwamba makala hiyo na kitabu husomwa kwa nadra pamoja. Kikisomwa peke yake, kitabu huacha picha ya familia iliyo tayari kumpokea kila mtoto. Kikiwekwa kando ya makala, swali hubadilika: nani hakuwa na familia ya kumpokea?

Kwa swali hilo, Marcia Wright ni msaada wa lazima. Katika *Strategies of Slaves and Women* (1993) anachambua masimulizi ya maisha ya wanawake wa ukanda ulio kati ya maziwa Nyasa na Tanganyika, jirani na Ufipa. Mmoja wao ni Narwimba, ambaye simulizi yake iliandikwa na mmisionari Elise Kootz-Kretschmer. Baada ya kufiwa na mumewe, Narwimba alijipeleka mwenyewe kwa jamaa wa marehemu ili arithiwe na kupata ulinzi. Kurithiwa huko, ambako daftari la misheni lingekuona kuwa desturi ya kipagani tu, kwake kulikuwa njia ya kutouzwa.

Roy Willis, katika *A State in the Making* (1981), anaanzia mbali zaidi. Kiini cha uchambuzi wake ni masimulizi ya Milansi: wanawake watatu wageni wanafika wakati mtawala Ntatakwa hayupo, wanakalia kigoda chake, na nchi inakuwa ya kizazi chao, huku yeye akibakiwa na Milansi. Willis anawasoma wageni hao kama alama katika mfumo wa fikra, na usomaji wake ni wa kina. Kasoro ni kwamba mwanamke aliye alama hahitaji mama wala bibi. Smythe amewarudishia wanawake wa Ufipa watoto wao, na hiyo ni hatua kubwa mbele ya Willis, ingawa anamtazama zaidi mwanamke anayelea kuliko aliyepoteza walezi wake. Hata katika masimulizi ya Milansi yupo mwanamke wa nne, mke wa Ntatakwa, aliyeachwa kulinda kigoda akashindwa kuwazuia wageni. Masimulizi yanamtaja kwa kosa hilo. Kwao alikotoka hakumo katika uchambuzi.