Dramu kwenda diski: kazi ya breki kwenye Land Rover za Kigoma

Julai 1960 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliendesha Land Rover iliyosheheni mizigo kutoka Nairobi hadi Kigoma, akiwaleta Jane Goodall na mama yake, Vanne, waliokuwa njiani kwenda Gombe. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki za dramu, kwa sababu Land Rover yenye breki za aina nyingine ilikuwa bado haijauzwa. Range Rover ya 1970 ilitoka na diski kila gurudumu, lakini hiyo ilisanifiwa upya kuanzia chesisi. Land Rover yenyewe ilisubiri mpaka 1983, ilipokuja modeli ya 110 yenye diski mbele. Nyuma zikabaki dramu. Mwenye Land Rover ya zamani, 109 ya Series II au III, anayetaka kubadilisha breki aanze kwa kuutazama uamuzi huo, maana ulifanywa na watu waliokuwa na vifaa vyote mkononi.

Sababu kubwa ni joto. Chukua 109 yenye mzigo, uzito wote tani 2.5, ikishuka kuelekea ziwani. Kila mita 100 za kimo inazoshuka kwa kutegemea breki tu huzaa joto la karibu megajuli 2.45. Ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara saba mfululizo kutoka kilomita 60 kwa saa. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari na nyanda za Buha zinapita mita 1,200, kwa hiyo anayetoka Kasulu na magunia ana pa kuzichemshia breki. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu, na pedali huzama zaidi kabla ya kushika. Diski hutanuka kuelekea pedi, tena iko wazi kwa upepo.

La pili linahusu kurudi nyuma, na pale Kibirizi, magari yanaposogea ufukweni kinyumenyume kupakia dagaa, lina uzito wake. Breki ya mbele ya 109 ina silinda mbili kila gurudumu. Gari likienda mbele, mzunguko wa dramu huzivuta shuu zote mbili zijibane zaidi, na dereva anapata nguvu ya bure. Likirudi nyuma nguvu hiyo inapotea kwa shuu zote mbili. Diski inashika sawasawa pande zote. Ongeza matope na maji ya masika, ambayo dramu huyafuga ndani na diski huyarusha nje.

Sasa kazi yenyewe. Njia inayowavutia wengi ni kung'oa ekseli nzima ya mbele na kuweka ya Range Rover au ya 110. Sishauri. Upana kati ya magurudumu ya Series ni inchi 51.5, wa hizo nyingine ni 58.5, kwa hiyo matairi yatachomoza nje ya madigadi. Series inakaa kwenye springi za majani wakati hizo zina koili, hivyo lazima uchomelee vikalio vipya. Baya zaidi ni difu. Ya Series ina uwiano wa 4.7, ya 110 ina 3.54. Ukibadilisha mbele peke yake, siku utakayoingiza foo-wili kwenye ardhi kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana mpaka kitu kivunjike ndani.

Njia yenye akili ni kubakiza ekseli na kufunga mabamba ya kushikilia kalipa mahali palipokuwa na sahani ya dramu. Habu inatoka, diski inafungwa juu yake, beringi zinaoshwa, sili zinawekwa mpya. Kwenye sili usibane pesa: Land Rover ya zamani kuvuja oili ni kawaida, na diski yenye oili haina faida. Kisha funga rimu, uizungushe kwa mkono uone kama inagusa kalipa. Geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, huku jicho likiwa kwenye hozi ya breki. Isivutike wala isisugue tairi.

Hapo mafundi wengi husema kazi imekwisha, kumbe nusu ngumu iko chini ya bodi. Diski haijibani yenyewe kama shuu, kwa hiyo inadai presha kubwa zaidi kutoka mguuni. Bila busta, dereva atakanyaga kama anakanyaga ukuta. Pistoni za kalipa nazo zinataka mafuta mengi kuliko silinda ndogo za dramu, hivyo mastaa silinda ya zamani inaweza isitoshe. Ukiibadilisha, weka ya njia mbili, ili bomba moja likipasuka ubaki na breki upande mmoja.

Halafu kuna vali ndogo ambayo husahaulika. Mastaa silinda nyingi za mfumo wa dramu zina vali inayobakiza presha ya takriban psi 10 kwenye bomba, ili silinda za magurudumu zisinyonye hewa. Kwenye diski presha hiyo inazifanya pedi zisiachie. Kipimo chake ni rahisi: nyanyua gurudumu, kanyaga pedali mara kadhaa, achia, kisha zungusha kwa mkono. Likikataa kuzunguka, fundi hajamaliza. Ukiliendesha hivyo kupandisha Barabara ya Lumumba hadi Mwanga, diski itakuwa ya moto kabla hujafika.

Busta mpya inaongeza presha nyuma pia, na dramu za nyuma bado zina ile nguvu ya bure. Gari tupu kwenye barabara yenye utelezi litafunga magurudumu ya nyuma kwanza na kuzunguka. Weka vali ya kupunguza presha ya nyuma, na ijaribiwe uwanjani, kwenye udongo uliolowa, kabla ya kuingia barabarani. Mafuta ya breki nayo yanavuta unyevu wa hewa: DOT 4 mpya huchemka si chini ya nyuzi 230, ikishavuta maji kiwango kinashuka hadi 155. Hendibreki usiiguse, kwenye Series inakamata shafti nyuma ya gia boksi ndogo, haihusiani na magurudumu.

Diski zina gharama yake huku kwetu. Mchanga unakula pedi haraka, na pedi zenyewe lazima uagize kabla hazijaisha. Kwa 109 inayobeba mzigo kutoka milimani, nasema badilisha, mbele tu. Kwa 88, ile Series fupi, inayozunguka Gungu na Ujiji, weka shuu mpya, peleka dramu zikachongwe, rekebisha breki kila baada ya safari chache za matope, na pesa iliyobaki nunua matairi.