Kuvuka na Kuchagua: Vuta n'kuvute Isomwapo Mbeya na Iringa

Wanafunzi wengi wasomao Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, huieleza kuwa ni hadithi ya msichana wa Kihindi aliyempenda kijana wa Kiafrika katika Unguja ya miaka ya 1950. Maelezo hayo si ya uongo, ila yaruka sehemu ya kitabu iliyo na nguvu kuliko zote. Yasmin haanzi kwa kumpenda Denge. Aanza kwa kumkimbia Raza, mwenye duka aliyemzidi mno kwa umri, mume wa jamii yake mwenyewe, aliyechaguliwa na wazee bila ya yeye kuulizwa. Na ampokeaye si mpenzi bali ni shoga yake Mwajuma.

Hapo ndipo mtungaji alipoonyesha ustadi wake. Mpaka kati ya Mhindi na Mwafrika wavukwa kwanza nyumbani mwa mwanamke maskini, kwa chakula, kwa taarabu na kwa mazungumzo ya usiku, kabla haujavukwa kwa mapenzi. Denge atokeapo, kijana aliyesoma Urusi na kuwindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata kwa ajili ya siasa zake, Yasmin amekwisha kuwa mtu mwenye kuamua. Laiti angalikutana na Denge siku ile alipotoka kwa Raza, hadithi ingalikuwa ni ya msichana ahamishwaye kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mwisho wake nao wathibitisha jambo hilo: siasa zamchukua Denge mbali, na anayekaa na Yasmin ni Bukheti. Wako wasomaji wanaohuzunishwa na mwisho huo, wakiona kwamba mapenzi makubwa yamevunjika. Lakini kitabu hakikuahidi kwamba mapenzi yatashinda. Kilichoahidiwa ni kwamba Yasmin atachagua, na achagua mara ya pili pia.

Dosari hazikosekani. Jamaa za Yasmin wamechorwa kwa mkono wa haraka, hata hofu yao ya kupotea katika nchi ya watu wengi yaonekana kama ukaidi mtupu. Denge naye aghalabu asema kama mkutano wa hadhara hata pale asemapo na mpenzi wake.

Hata hivyo tofauti hiyo ya kuvuka na kuchagua haikuwa jambo dogo kwa mtungaji wa Unguja. Mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana kadhaa wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wakubwa wa serikali, na tendo hilo likaelezwa kuwa ni kuondoa ubaguzi. Mpaka wa rangi ulivukwa, wasichana hawakuulizwa. Msomaji wa mwaka 1999 aliyeijua habari hiyo hakuweza kuyasoma mapenzi ya Yasmin kama hadithi tamu ya kupitisha jioni.

Je, riwaya ya namna hii yaweza kutungwa juu ya Nyanda za Juu Kusini? Historia ya huko haikosi mipaka. Uhehe umekwisha kupata tamthiliya, Mukwava wa Uhehe ya M. M. Mulokozi, na kila mwanafunzi aijua Lugalo ya tarehe 17 Agosti 1891 na kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894. Shida ni kwamba mwenye kutafuta mapenzi katika karne ile hukimbilia vita, akamchukua mwanamke wa Kisangu aliyetekwa na Wahehe, akampa shujaa, kisha akaita jambo hilo upendo uliovuka makabila.

Yafaa mtungaji wa namna hiyo asome kwanza habari za Narwimba. Maisha yake yaliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian aliyeishi kati ya Wasafwa, na baadaye Marcia Wright akayachambua katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya watumwa na wanawake. Narwimba, alipofiwa na mume, alimwomba jamaa ya marehemu amwoe ili apate ulinzi. Ndoa kwake ilikuwa boma. Aliomba mwenyewe, hapana shaka, lakini ni uchaguzi gani huo wa mtu ambaye mlango wa pili ni kutekwa? Riwaya itakayokaa katika swali hilo bila kuharakisha jibu itakuwa imefika mahali ambapo Vuta n'kuvute haikufika, maana Yasmin, pamoja na dhiki zake zote, alikuwa na nyumba ya Mwajuma ya kukimbilia.

Abdulrazak Gurnah atoa msaada mwingine katika Desertion ya mwaka 2005. Mwingereza Pearce na Rehana wapendana katika mji wa pwani mwaka 1899, na msimulizi akiri wazi kwamba hajui walikutana vipi hata wakawa wapenzi. Ukimya huo ni wa heshima. Kumbukumbu za bara ni chache, na nyingi ziliandikwa na wageni, kama Magdalene von Prince aliyekaa Iringa na mumewe, mkuu wa kituo cha Wajerumani kilichoanzishwa mwaka 1896, akachapisha kitabu mwaka 1903. Mwenye kuzijaza nafasi hizo kwa maneno matamu ya mapenzi atakuwa amesema uongo mara mbili.

Karibu zaidi na Yasmin ni miji yenyewe. Mbeya ilikua pamoja na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930, nayo ilipangwa kwa rangi kiasi kwamba majina Uzunguni na Uhindini yamebaki. Lakini mtungaji asiinakili Unguja. Kule Mhindi na jirani yake waligombana na kupatana kwa Kiswahili kilichokuwa cha wote wawili. Uhindini ya Mbeya, binti wa dukani na kijana wa Kisafwa walitazamana juu ya meza ya duka, na Kiswahili kilichowaunganisha kilikuwa lugha ya bei na ya deni. Nyumbani kwao kila mmoja alikuwa na lugha nyingine ya kulilia na ya kutania. Hapo ndipo riwaya hiyo yapaswa kuanzia: siku maneno ya dukani yalipowapungukia, nao wakalazimika kumtafuta Mwajuma wao.