Luwombo, chakula kisichomwadhibu aliyechelewa

Anayerudi Kampala kutoka Dubai au London hajui atakaa mezani saa ngapi. Ndege ina mambo yake, mizigo ina mambo yake, na barabara kuu ya Kampala–Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018 inakutua tu kwenye foleni ya mjini, hasa Desemba. Mpishi wa nyumbani anapikia ukoo mzima chakula ambacho hakina saa. Ndiyo maana hupika luwombo, nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, na ustadi wake uko zaidi katika kusubiri kuliko katika ladha.

Kazi yote ni jani. Huchaguliwa jani changa la mgomba lisilopasuliwa na upepo. Uti wa kati huchongwa kwa kisu mpaka ubaki mwembamba, maana ukiachwa mnene jani litavunjika likikunjwa. Halafu hupitishwa taratibu juu ya makaa, kazi inayoitwa okubabula: kijani kilichofifia hugeuka kijani kilichokolea chenye kung'aa, nta huyeyuka, na jani linakunjika kama kitambaa. Ukiharakisha utalitoboa, na tundu dogo tu linatosha kumwaga mchuzi wote.

Nyama huchomwa kwanza. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 96. Mvuke wa hapo unalainisha vizuri lakini hauwezi kuipa nyama rangi wala harufu ya kuchomwa. Moshi usipoingia mapema hautaingia tena. Baadaye hufuata karanga za kusaga, uyoga mkavu, chumvi na maji kidogo, kisha jani hukusanywa pembe na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

Hapa ndipo ninapovua kofia. Karanga kwenye sufuria ni mtihani: zinazama, zinashika chini, zinaungua ukigeuka tu kumsalimia mgeni. Ndani ya jani haziguswi na moto. Ndani ya sufuria maji yako chini, vikonyo vya majani viko juu yake, na mafungu ya luwombo hukaa juu pamoja na matoke. Maji yakiongezwa na makaa yakipunguzwa, saa mbili za ziada haziharibu kitu. Ila nyama ikiwa ni kuku, awe wa kienyeji. Wa kisasa atabaki mifupa na nyuzi.

Simulizi maarufu kuhusu asili ya luwombo humtaja Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na mwaka 1887. Mimi naona mtu aliyeishi katikati ya migomba hakuhitaji kungoja ikulu impe wazo la kufunga nyama kwa jani.

Wafilipino, ambao nao kwa mamilioni hufanya kazi ughaibuni, wamelikabili jambo hilohilo la kumsubiri anayechelewa kwa njia nyingine. Adobo yao hupikwa kwa siki, kitunguu saumu, mchuzi wa soya na pilipili manga. Asidi ya siki huitunza nyama, na wengi husema ni tamu zaidi siku ya pili. Jani la mgomba wanalo pia, nao hulipitisha motoni, lakini kwenye karamu hulitandaza mezani na kula kwa mikono juu yake. Hapo jani ni sahani. Buganda ni chungu.

Udhaifu wa mpango wa Kampala ni matoke. Yakipoa hukakamaa, na kuyapasha hakuyarudishi yalivyokuwa. Kwa hiyo hupondwa yakiwa bado ndani ya majani, hurudishwa kwenye mvuke, na hayafunuliwi mpaka mgeni awe amenawa mikono.

Siku hizi wengine hufunika sufuria kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kwa sababu majani yanauzwa na mifuko iko kila mahali. Mvuke unashikwa kweli. Lakini plastiki haikutengenezwa kukaa kwenye joto la chakula kwa saa nne, na harufu ya jani, ambayo ndiyo nusu ya luwombo, haitoki kwenye mfuko. Afadhali kupunguza nyama ukanunua majani.