Sauti Juu ya Kiwambo: Msimulizi wa Filamu na Suala la Hadhira katika Vibanda vya Video vya Eldoret

1. Utangulizi

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika mara kwa mara katika mijadala ya wahakiki wa fasihi ni kwamba picha imelishinda neno. Inadaiwa kuwa tangu runinga, kanda za video na hatimaye simu za mkononi zilipoenea, kijana wa leo hasomi riwaya wala hasikilizi ngano. Amekuwa mtazamaji tu, mateka wa rangi na mwendo. Dai hili lina mvuto, na si la juzi. Hata hivyo, limekuwa likikaririwa zaidi kuliko linavyochunguzwa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza dai hilo kwa kutumia mfano mmoja mahususi, yaani usimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili kama ulivyopokelewa katika vibanda vya video vya mji wa Eldoret. Hoja inayojengwa ni kwamba katika vibanda hivyo picha haikulinyamazisha neno, bali ililihitaji. Isitoshe, makala yanadai kuwa hatari inayoikabili fasihi simulizi katika enzi ya viwambo haitokani na picha yenyewe. Inatokana na kutawanyika kwa hadhira. Mhakiki anayeomboleza kifo cha neno huenda anaomboleza kwenye kaburi lisilokuwa na maiti, ilhali mgonjwa halisi yuko nyumba ya pili.

2. Sauti ya mtawala na sauti ya kibandani

Yafaa ieleweke kwanza kuwa sauti ya Mswahili juu ya picha ya mgeni haikuanza na video. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment uliendesha shughuli zake kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika. Mradi huo ulitengeneza filamu 35 kuhusu mambo kama kilimo, magonjwa na uwekaji wa akiba, kisha ukazitembeza katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki na Kati, Kenya ikiwemo. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, na santuri ikachezwa sambamba na picha.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Waasisi wa mradi ule walitambua kuwa picha peke yake haitoshi, kwamba mtazamaji asipoambiwa anachokiona atakiona apendavyo. Sauti iliwekwa juu ya picha ili kuifunga maana na kuiongoza hadhira kwenye funzo moja lililokwisha kuamuliwa. Ilikuwa sauti ya mwalimu asiyeulizwa swali.

Msimulizi wa filamu wa miongo ya karibuni amekalia kiti kile kile, lakini amekigeuza kielekee upande mwingine. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za nje kwa Kiswahili. Nchini Uganda kazi hiyo imefanywa kwa Kiganda na wasimulizi wanaoitwa vijei. Nchini Kenya jina lililovuma kuliko yote ni la DJ Afro, ambaye sauti yake juu ya filamu za mapigano za Hong Kong, za Kihindi na za Kimarekani ilisikika vibandani, katika mabasi ya safari ndefu na majumbani. Huyu hamfundishi mtazamaji namna ya kuweka akiba. Anamchukua mgeni aliyeko kwenye kiwambo na kumfanya mwenyeji. Ikiwa sauti ya santuri ilimleta Mwafrika mbele ya picha ili asahihishwe, sauti ya kibandani huileta picha mbele ya Mwafrika ili ihojiwe, ichekwe na ihukumiwe.

3. Msimulizi kama fanani

Je, kazi hii ni fasihi? Mulokozi (1996) ameeleza kuwa fasihi simulizi haikamiliki katika maneno tu. Ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Kigezo hiki kinafaa kwa sababu hakiulizi kama kazi fulani ni ya kale au ya kisasa, wala kama chombo chake ni moto wa jioni au mtambo wa video. Kinauliza nani anatenda, mbele ya nani, wapi na lini.

Tukianza na fanani, linalodhihirika mara moja ni kuwa msimulizi wa filamu si mfasiri kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Mfasiri hufungwa na usemi wa asili. Msimulizi hufungwa na picha tu. Matthias Krings, katika sura yake ndani ya kitabu Global Nollywood (2013), amechunguza jinsi Lufufu alivyoisimulia upya filamu ya Kinigeria iitwayo Karishika. Mfano huo una uzito wa pekee kwa kuwa filamu hiyo ni ya Kiafrika, na mazungumzo yake ni ya Kiingereza, lugha ambayo watazamaji wengi wa mjini wana fununu nayo. Kama haja ingekuwa kuelewa tu, ufupisho wa hapa na pale ungetosha. Kinachotafutwa ni kusimuliwa.

Mbinu zinazotumiwa zinatambulika na yeyote aliyewahi kuihakiki ngano. Wahusika hubatizwa majina mapya yanayobeba tabia zao. Mhusika mkuu huwa "staringi" na mpinzani wake "adui", na hadhira hujua tangu mwanzo kuwa staringi hafi, kama vile msikilizaji wa ngano ajuavyo kuwa sungura atapata mlango wa kutokea. Msimulizi hudokeza yatakayotokea, huwasemea wahusika mawazo yao ya ndani, hurefusha kimya kwa takriri, na huongezea tanakali za sauti pale ambapo ngumi ya kwenye filamu haikulia vya kutosha. Aidha, hutoka nje ya hadithi ili atoe maoni, kumkejeli adui au kumshauri staringi asiyesikia. Mwigizaji wa Hong Kong hupewa matatizo ya mtu wa hapa, kama vile kodi ya nyumba, nauli na wakwe wasioridhika.

Ufundi wa kazi hii umo katika pengo lililopo kati ya kinachoonekana na kinachosemwa. Mtazamaji anaona kasri la mfalme wa mbali na anasikia habari za ploti ya mtaani. Anajua kwa hakika kuwa asikiacho sicho kinachosemwa na midomo anayoiona, na kicheko huzaliwa papo hapo. Picha ingalikuwa imelishinda neno, pengo hilo lingalikuwa kasoro. Kibandani, pengo ndilo chumvi.

4. Lugha ya kibandani na mji wa Eldoret

Eldoret ni mji uliochipuka kwenye shamba nambari 64 na kupewa jina lake mwaka 1912. Wenyeji wake ni Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wasomali, watu wenye asili ya Kihindi na wengineo. Kiswahili katika mji huu si lugha ya mama ya walio wengi. Ni lugha ya sokoni, stendi, kiwandani na mtaani, na kwa sababu hiyo hiyo ni lugha ya kibandani. Katika mitaa kama Langas na Huruma, vijana ambao nyumbani husema lugha tofauti hukaa kwenye benchi moja na kumcheka adui mmoja kwa lugha moja.

Jambo hili lisipuuzwe, hasa katika mji huu. Eldoret na viunga vyake viliathirika vibaya katika ghasia zilizofuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Kuchomwa kwa kanisa la Kiambaa tarehe 1 Januari 2008, watu wakiwa ndani, ni jeraha ambalo halijasahauliwa. Haitakuwa haki kudai kuwa kibanda cha video huleta amani. Vibanda vilikuwepo kabla ya ghasia na havikuzizuia. Linaloweza kusemwa bila kutia chumvi ni kwamba mahali ambapo watu wa jamii mbalimbali hukaa pamoja kwa hiari, gizani, wakicheka kwa pamoja, si pengi kiasi cha mhakiki kupadharau.

Wapo wanaolaumu kuwa lugha ya wasimulizi hawa ni Kiswahili kilichochanganywa na Sheng na kwamba inawaharibia wanafunzi insha zao. Lawama hii inachanganya sajili mbili. Msimulizi hatungi insha. Humsemesha mtu wa benchi kwa lugha ya benchi. Anayetaka kupima umahiri wake hana budi kuuliza kama anajua kubadili sajili inapobidi: kama mfalme wake anasema tofauti na mlinzi wake, na kama mama mzazi anapolia lugha yake hupoa na kunyooka. Wasimulizi wazuri hulifanya hilo. Wabovu hupiga kelele ile ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tofauti hiyo ni ya kifasihi, na ndiyo inayopaswa kuwashughulisha wahakiki.

5. Dosari za sauti yenyewe

Kukiri ustadi wa fanani hakumaanishi kumsamehe kila kitu. Zipo dosari mbili zinazostahili kutajwa. Ya kwanza ni usawiri wa mwanamke. Mara nyingi mhusika wa kike ambaye katika filamu ya asili ana nia na akili yake hupunguzwa na msimulizi akawa kishawishi, mlafi wa pesa au kichekesho. Hapa sauti haiongezi maana ya picha, inaipora. Mtazamaji makini huona uso wa mwanamke ukisema jambo moja na kusikia jingine, na safari hii pengo halichekeshi.

Dosari ya pili inahusu vifo. Kwa kuwa staringi hafi, wanaokufa ni wengine, na kila mmoja wao hupewa mzaha wa kumsindikizia. Katika ngano zimwi huuawa, lakini kifo chake kina uzito kwa sababu kijiji kilikuwa hatarini. Katika filamu ya mapigano maiti ni idadi tu, na msimulizi anapozidisha mzaha huifanya idadi hiyo iwe nyepesi zaidi. Katika mji uliowahi kuhesabu maiti zake wenyewe, swali hili si la maadili ya darasani tu.

6. Kutawanyika kwa hadhira

Tukirejea mambo sita ya Mulokozi, jambo linaloleta utata ni hadhira. Sauti ya msimulizi aliyerekodiwa haisikii vicheko vyake. Mtambaji wa ngano akiona wasikilizaji wanasinzia hubadili mwendo. Sauti iliyo kwenye diski haiwezi. Kwa kigezo cha ukali, basi, tukio limekatika.

Lakini kibanda kilikuwa na namna yake ya kulishona upya. Watazamaji walimjibu msimulizi ingawa hakuwasikia. Walishindana naye kwa mizaha, wakamtangulia kwa waliokuwa wameshaiona filamu, wakamkosoa alipokosea. Aghalabu alijitokeza mmoja aliyekuwa hodari kuliko wenzake, na benchi likamgeukia yeye. Palikuwa na utendaji wa ngazi mbili, wa sauti iliyorekodiwa na wa hadhira iliyogeuka fanani. Walter Ong (1982) aliuita usemaji unaotegemea mitambo kuwa usemaji wa pili. Kibanda cha Eldoret kinaonyesha kuwa usemaji huo wa pili, ukipata benchi, waweza kuuzaa tena ule wa kwanza.

Hilo ndilo linalopotea sasa. Simulizi zile zile zinapatikana kwenye simu ya mkononi, na mtazamaji huzitazama peke yake, visikizi masikioni. Fanani yupo, fani ipo, picha imezidi kung'aa, na neno halikupungua hata moja. Kilichoondoka ni benchi. Kicheko cha mtu mmoja hakimwiti mwingine, wala hakuna wa kumsahihisha msimulizi anapomdhalilisha mwanamke au anapomcheka maiti. Dosari zilizotajwa hapo juu zilikuwa na dawa yake kibandani, nayo ni sauti ya pili inayosema "hapana". Kwenye simu, dawa hiyo haipo.

Kwamba kiwambo chenyewe hakiikatazi hadhira kukusanyika kulithibitika tarehe 12 Oktoba 2019. Siku hiyo Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1:59:40, na watu wakajaa barabarani mjini Eldoret kumtazama kwenye kiwambo kikubwa. Picha ilitoka Ulaya, mkimbiaji alitoka kwao. Hawakuhitaji msimulizi wa kuwaeleza maana ya hatua zile, kwa sababu mkao na pumzi za mkimbiaji ni elimu ya jirani katika nyanda hizi. Hata hivyo walisema, wakashangilia, wakahesabu dakika kwa pamoja. Walikuwa na simu mifukoni mwao, na bado walitoka majumbani ili waone kwa pamoja.

7. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa mgogoro kati ya picha na neno umekuzwa kupita kiasi. Katika historia ya sinema ya Afrika Mashariki, tangu santuri za Vugiri hadi diski za vibandani, picha imekuwa ikiandamana na sauti, na suala la msingi limekuwa sauti hiyo ni ya nani na inamsemesha nani. Msimulizi wa filamu ni fanani mwenye ustadi na dosari zinazohakikika. Anastahili kuhakikiwa kwa ukali ule ule anaohakikiwa nao mtambaji au manju.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, idara za Kiswahili zikusanye simulizi hizi pamoja na maelezo ya namna zilivyopokelewa, maana diski huchakaa na vibanda hufungwa, na aliyekaa kwenye benchi ndiye pekee awezaye kueleza palikuwaje. Pili, wahakiki wabadili swali. Badala ya kuuliza kama vijana bado wanasoma au wanatazama tu, wajiulize wanatazama na nani. Hadithi, hadithi, huhitaji wa kuitikia. Mtambaji bado anaita. Kazi iliyobaki ni kuwatafuta waitikiaji waliko.