Mpingo, Tanzanite na Neno "Inayokalika"

Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota ulizipa nchi zaidi ya 100 nafasi ya kuita nyota moja na sayari yake kwa jina. Tanzania iliiita nyota WASP-71 Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Nasi wa Mbulu na Hanang, tulio mkoa mmoja na Mererani, twayafurahia majina hayo. Lakini na tuyasome kwa makini. Mpingo huchongwa, tanzaniti huchimbwa, na vyote viwili huuzwa. Hakuna linalosema habari za kukaa, wala lisingeweza: sayari ile, kubwa kuliko Mshtarii, huizunguka nyota yake kwa siku 3 hivi, katika joto kali mno.

Wataalamu huita "inayokalika" sayari ambayo umbali wake na nyota yake huweza kuyaacha maji yawe maji, si mvuke wala barafu. Wazee wa Kiiraqw wangalielewa upesi. Kwao Looa ni jua na ni Mungu, na netlaangw ni pepo wakaao chemchemini. Ila wao waliwaogopa hao wa majini, na hofu hiyo haimo katika kipimo cha wataalamu. Tarehe 3 Desemba 2023 maji na tope vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, vikaua watu zaidi ya 80. Umbali wetu na jua ulikuwa ule ule. Kwa hiyo neno hilo laahidi kuliko linavyopima. Twaona heri waseme tu: sayari iwezayo kuwa na maji.